Asnath na Chumvi ya Daktari

Mwaka ule Asnath alikaa siku tisa bila kulala, na soko zima la kuku la Singida Mjini likamsifu. Alfajiri alikuwa Sepuka, saa nne yuko Ikungi, jioni anafunga matenga stendi, anaongea bila kumeza mate, na kila alichokigusa kilikuwa kinanunulika. Wachuuzi wenzake walisema akili ya biashara ya mama huyu siyo ya kusomea. Kwa wiki moja alikusanya kuku mia sita na wote wakauzika Dar es Salaam. Mnadani alinunua na punda kumi na mmoja kwa sababu, kwa maelezo yake mwenyewe, walimtazama vizuri. Hata hapo watu walisema lazima kuna hesabu ambayo wao hawaioni. Siku ya kumi akasimama katikati ya soko, akafungua tenga, akaanza kugawa kuku bure. Dakika hiyo hiyo wote wakakubaliana kwamba mama amechanganyikiwa. Wakamshika mikono, wakampeleka hospitali.

Alipopata nafuu hakuwalaumu. Kugawa bure ni dalili ambayo hata yeye angeiona kwa mwenzake, na angepiga simu hospitali.

Pale hospitali alikutana na Dokta Elina, mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini aliyekuwa na kliniki ya afya ya akili kila Jumatano. Dokta Elina aliuita ugonjwa wenyewe baipola. Alisema una pande mbili: kuna kupanda, mtu halali, haambiliki, anaona kila kitu kinawezekana, halafu kuna kushuka, mtu anaishiwa hata hamu ya kuoga. Asnath alisikiliza, akamkumbuka mama yake kule Sepuka, aliyekuwa akilima kwa mbalamwezi huku anaimba, kisha analala mwezi mzima ameelekea ukutani. Watu walisema ni pepo. Walimchinjia mbuzi. Pepo alikula mbuzi na hakuondoka.

Kilichomshangaza ni kaka yake, Gasto. Tumbo moja, mama mmoja, ugali mmoja, na Gasto hajawahi hata kuchelewa kulala. Asnath naye alifika miaka arobaini na tano akiwa mzima kabisa. Kisha mumewe, Alute, akafariki kwa ajali ya pikipiki, na wiki tatu baada ya mazishi usingizi ukamtoka kama mtu aliyehama nyumba.

Dawa aliyoandikiwa iliitwa lithiamu.

"Vidonge vitatu kwa siku, Mama Jeni," Dokta Elina alimwambia.

"Vitatu vyote? Fanya kimoja, dokta. Mimi nitakuwa mteja wa kudumu."

"Hapa hatupatani bei. Damu ndiyo inayoamua. Ikiwa kidogo haifanyi kazi, ikizidi inakuwa sumu, na kati ya kidogo na kuzidi pana nafasi ndogo sana. Kwa hiyo utakuja kupimwa, asubuhi, kabla hujameza cha siku hiyo."

"Haya, viwili na nusu."

"Vitatu. Tena unisikilize. Hii ni aina ya chumvi. Chumvi ya chakula endelea kula kama ulivyozoea, usizidishe, usipunguze. Na maji unywe. Na maumivu ya mgongo usijinunulie dawa hovyo."

Miaka mitano alimeza vitatu. Alilala usiku, akaamka asubuhi, akanunua kuku idadi inayoingia kwenye matenga yake na siyo zaidi. Mtaani wakaanza kumwonea huruma. Walisema amepoa, labda amefanyiwa kitu, kwa sababu yule Asnath wa punda kumi na mmoja alikuwa mtu wa maana. Yeye alikuwa akijijibu kimoyomoyo. Nyumba yake pale Mandewa ilikuwa na vyumba vinne, na ukitaka ukweli, viwili vilijengwa na ugonjwa, kwa faida ya wale kuku mia sita. Lakini ugonjwa huo huo ulitaka kuugawa uwanja bure, hati na mabati.

Basi akaja Peniel.

Peniel alikuwa kijana wa Kinampanda, huko Iramba, fundi wa mashine ya kukamulia alizeti. Alimpenda Jenipher, binti pekee wa Asnath, mwalimu wa chekechea, na akafanya mambo kwa utaratibu: alituma mshenga, mzee mmoja mcheshi aitwaye Melkizedeki, na barua ikapokelewa. Lililobaki lilikuwa lile ambalo halimo kwenye barua. Kabla ya ng'ombe hata mmoja kutajwa, upande wa mwanamume hutuma mtu kuchungulia ukoo wa binti. Kuna kifafa? Kuna uchawi? Kuna waliowahi kuokota makopo? Likipatikana jambo, hakuna anayekuambia. Wanasema tu kwamba kijana bado anasoma, hata kama kijana ana miaka thelathini na shule aliiacha zamani.

Asnath aliijua kazi ile, kwa sababu ndiyo kazi yake. Alijua kuinua bawa, kupapasa kifua, kupuliza manyoya ya mkia na kutazama macho ya kuku. Na kwa vile alikuwa muuzaji pia, alijua upande wa pili: kuku anayesinzia unamweka chini, katikati ya tenga, wenzake wachangamfu wamzunguke. Safari hii kuku anayesinzia alikuwa yeye mwenyewe.

"Neno hospitali lisitoke kinywani mwako," alimwambia Jenipher. "Wala lithiamu, wala Dokta Elina."

"Mama, Peniel ni mwelewa. Acha nimwambie."

"Peniel haoi peke yake. Anaoa na shangazi yake. Apa."

Jenipher akaapa.

Shangazi mwenyewe aliitwa Theodora. Ndiye aliyemlea Peniel na kaka zake wawili baada ya wazazi kufariki, na alikuwa matroni wa bweni la wasichana kwa miaka ishirini na saba, mtu aliyezoea kuhesabu vichwa gizani na kujua ni kipi hakipo. Melkizedeki alileta habari kwamba Theodora angekuja mwenyewe, Jumamosi ya mwisho wa mwezi ujao, kula chakula na kuona nyumba.

Wiki sita zilikuwa zimebaki. Asnath alitaka siku hiyo awe mtulivu kama maji ya mtungini. Akakaa, akapiga hesabu, na hapo ndipo alipokosea.

Alikumbuka vizuri kwamba daktari alisema usizidishe chumvi, usipunguze. Lakini tangu aanze biashara hajawahi kulipokea neno la kwanza la mtu yeyote kama ndilo la mwisho. Neno la kwanza ni bei ya kutangulizia. Akawaza: dawa ni chumvi, tena chumvi ghali. Chumvi ya dukani ni chumvi, tena ya bei ya kutupa. Mwenye akili zake hanunui kitu kimoja mara mbili. Zaidi ya hapo, chumvi mbili ndani ya mwili mmoja lazima zitagombania nafasi, na ile ya bei rahisi, kwa kuwa ni nyingi, itaisukuma nje ile ya bei ghali. Aitoe ya rahisi, ya ghali ibaki na kazi yake bila mpinzani.

Katika hili hakuwa mbali sana na ukweli, na ndiyo maana ilikuwa hatari. Mwili ukikosa chumvi ya chakula, figo hushikilia ile ya dawa na kuikusanya badala ya kuitoa. Asnath alitaka dawa ibaki, na dawa ikabaki.

Chumvi ikafutwa jikoni kwake. Magadi nayo yakafuata, kwa sababu aliyaona ni ndugu za chumvi. Mtu wa Singida anajua maana ya mlenda usio na chumvi wala magadi. Wengine anaweza tu kuwaambia kwamba ni adhabu.

"Mama, huu ni mlenda au gundi ya kubandikia matangazo?" Jenipher aliuliza siku ya tatu.

"Kula. Ukiolewa utakula wa kwao."

"Nitaolewa haraka basi."

Wiki ya tatu mikono ikaanza kutetemeka. Asnath alisema ni furaha ya posa. Wiki ya nne tumbo likafunguka, akasema ni maji ya mnadani, na kwa sababu hiyo akapunguza kunywa maji, katikati ya jua la Oktoba linalopasua midomo. Wiki ya tano akawa anayumba kidogo akishuka kwenye bodaboda. Jumatano ya kliniki, siku ya kupima damu, hakwenda. Alihofia kuonwa kwenye foleni ile na mtu anayemjua mtu anayemjua Theodora. Jenipher alimwuliza mara mbili, na mara zote mbili akajibiwa kwa kuulizwa harusi ni ya nani.

Jumamosi ikafika. Theodora aliingia uani akiwa amevaa kitenge kipya na viatu vya kamba, akasimama, akatazama paa, akatazama choo, akatazama banda la kuku, ndipo akamtazama mwenye nyumba.

"Shikamoo, shangazi," Asnath alisema.

"Marahaba, mwenzangu. Hamjambo humu?"

"Hatujambo. Karibuni ndani."

"Tukaribie wapi?" Melkizedeki akadakia kwa utani wa makabila, mkono kwenye fimbo. "Mnyiramba akiingia nyumba ya Mnyaturu anahesabu kwanza milango ya kutokea."

"Hesabu vizuri, mzee," Jenipher akamjibu. "Mara iliyopita mliomba mchumba, leo mtaomba na nauli."

Wakacheka. Mambo yalianza vizuri. Chakula kilipokuwa tayari, Asnath alichukua jagi na beseni awanawishe wageni mwenyewe, kwa sababu ndivyo heshima ilivyo na kwa sababu alitaka waone mikono ya mwanamke mchapakazi. Jagi likawa zito kuliko ng'ombe. Mkono ukatetemeka, maji yakapita pembeni ya vidole vya Theodora na kutua kwenye kitenge kipya.

"Samahani, sha... shangazi." Ulimi wake ulikuwa umevimba mdomoni, au hivyo ndivyo alivyouhisi.

"Maji hayana neno," Theodora alisema. Jicho la matroni likafunguka.

Wakala. Kuku alikuwa jogoo mkubwa, aliyechaguliwa kati ya mia, na hakuwa na chembe ya chumvi. Melkizedeki alitafuna, akaacha kutafuna, akatazama juu kama mtu anayejaribu kukumbuka jina. Theodora alikula kimya hadi mwisho, akiokota kila alichoona na kukiweka mahali pake: mikono inatetemeka, ulimi mzito, hatua zinapishana, na mwanamke mzima amesahau chumvi siku ya wakwe. Alipomaliza akanawa, akasogea karibu, akasema kwa sauti ya chini, karibu ya upole:

"Mwenzangu, unakunywa?"

Asnath, katika ukungu ule, aliliona swali lile lilivyo. Lilikuwa ni ofa. Yeye alikuwa mama wa kanisa, hajawahi kuonja hata mtukuru, ile pombe ya sherehe. Lakini mlevi ni mtu anayeeleweka. Kila ukoo una wake, hawaulizwi wamerithi wapi, na hakuna posa iliyovunjika Singida nzima kwa sababu mama wa binti anapenda kikombe. Pombe ni tabia. Kichwa ni ukoo.

"Kidogo," alijibu. "Leo nilikuwa na... wasiwasi."

Uso wa Theodora ukalegea kwa faraja. "Basi hilo tu! Kaka zangu wawili walikuwa hivyo hivyo. Mmoja alikunywa mpaka baiskeli ya kanisa. Tunalijua hilo, mwenzangu, halitutishi."

Jenipher akaanza kukusanya sahani ili asiseme. Alikuwa ameapa.

Asnath akanyanyuka kwa ushindi kuleta chai, na hakuifikia. Magoti yalikunjika mlangoni, akaanguka pembeni ya jiko, akatapika, na alipojaribu kusema kwamba hajambo, maneno yalitoka bila mpangilio.

Walimpakia kwenye bajaji. Jenipher alisema waende hospitali. Asnath akakamata mkono wa dereva na kutamka neno moja kwa nguvu zake zote: zahanati. Kule hospitali kila muuguzi alimjua. Kwenye zahanati ya mtaa wa pili alikuwepo tabibu mgeni, kijana aitwaye Frank, asiyemjua yeyote.

Frank alimlaza, akapima mapigo, akamwangalia macho. "Mama anatumia dawa yoyote?"

Jenipher alimtazama mama yake. Asnath alitikisa kichwa: hapana.

"Ni pombe tu, mwanangu," Theodora alimwambia Frank. "Mtundikie maji, alale, kesho ataona haya."

Frank akainama, akanusa. "Hanuki pombe hata kidogo."

Jenipher alikuwa analia bila sauti, na Asnath, akiwa amelala chali akitazama boriti zinazocheza, akapiga hesabu ya mwisho iliyokuwa imebaki kichwani. Akinyamaza, siri inabaki na posa inabaki. Lakini akinyamaza anaweza kufa. Akifa kutakuwa na msiba, arobaini, halafu mwaka wa kungoja, kwa sababu hakuna anayefunga ndoa juu ya kaburi bichi. Katika mwaka huo Theodora atachunguza apendavyo, na hapatakuwa na mtu wa kumjibu. Gasto atakaa mezani kupanga mahari. Gasto, ambaye hajawahi kushusha bei ya hata fungu la nyanya! Hapana. Hasara ya kufa ilikuwa kubwa mno.

"Lithiamu," alisema. "Vitatu kwa siku. Miaka mitano. Chumvi nyingine nimeacha."

Frank hakungoja kusikia mara ya pili. Alitundika dripu, akapiga simu hospitali, na saa kumi na moja jioni Asnath alikuwa mbele ya Dokta Elina, ambaye alisoma majibu ya awali na kuagiza dawa isimamishwe na dripu iendelee.

"Kuna nini humo kwenye hiyo chupa?" Asnath aliuliza kwa ulimi mzito.

"Maji ya chumvi," Dokta Elina alijibu.

Asnath akafumba macho. Wiki sita za mlenda wa gundi, na sasa walikuwa wanamrudishia kwa sindano, kwa bei ya hospitali.

Siku ya nne aliweza kukaa kitandani. Mikono ilikuwa imetulia. Theodora alikuja na chupa ya uji, akavuta kiti, akakaa kama anayesubiri hesabu ya vichwa ikamilike. Hakuwa amesema lolote tangu Jumamosi. Dokta Elina alipopita, Theodora alisimama.

"Dokta, swali langu ni moja. Hiki kitu kimo kwenye damu ya ukoo?"

Dokta Elina alimgeukia mgonjwa. "Mama Jeni, niseme mbele yake?"

"Sema. Kuku ameshatolewa kwenye tenga, sasa apapaswe vizuri."

Dokta akakaa pembeni ya kitanda. "Kimo na hakimo. Sote tunazaliwa na vinasaba, tuviite maelekezo, tunavyopewa na wazazi. Mwili hausomi maelekezo yote. Juu yake kuna alama ndogo sana: hii inasema soma hapa, ile inasema ruka. Alama nyingine zinabandikwa na maisha yenyewe. Njaa ya utotoni, msiba mzito, kukosa usingizi muda mrefu. Maelekezo yanabaki yale yale, ila kinachosomwa kinabadilika. Elimu yake inaitwa epijenetiki."

"Ndiyo maana Gasto analala," Asnath alisema.

"Huenda. Huenda Gasto hakurithi kabisa, huenda aliyarithi maelekezo na hayajasomwa. Sina namna ya kujua."

"Na hiyo dawa?" Theodora aliuliza. "Inafuta?"

"Haifuti ugonjwa, inautuliza. Watafiti wanaona dalili kwamba lithiamu nayo inagusa zile alama. Wanabishana bado, na mimi sikuuzii kitu ambacho hakijakomaa."

"Basi mpime binti, utupe cheti. Kanisani tunapima virusi, tunaleta cheti, mambo yanakwisha."

"Kwa hili hakuna kipimo, mama. Hakuna cheti. Ninachoweza kukuambia ni kwamba kati ya watoto kumi wa mama mwenye ugonjwa huu, kama tisa hawaupati."

"Tisa kwa kumi!" Asnath akainuka kwenye mto. "Mimi nikifikisha Dar tisa wazima kwa kila kumi namshukuru Mungu na dereva."

Theodora hakucheka. "Na huyo wa kumi?"

"Wa kumi analindwa," Dokta Elina alisema. "Alale usiku. Hilo ndilo kubwa. Hasa akijifungua: mama mwenye ukoo huu akikesha wiki nyingi na mtoto mchanga, ndipo ugonjwa unapopenda kuanza. Na akianza kukosa usingizi bila kuchoka, aletwe hapa mapema, asingoje mpaka agawe kuku."

Asnath alilipeleka neno hilo kwenye biashara yake, kama alivyopeleka kila kitu. "Kwa hiyo ni yai. Anaweza kuwa nalo au asiwe nalo. Akiwa nalo, lisipoatamiwa linabaki yai."

"Siyo sawasawa," Dokta Elina alisema, "lakini siyo vibaya."

Theodora alichukua chupa yake ya uji, akaaga, akaondoka. Wiki mbili hakuna simu. Asnath alirudi nyumbani, akarudi kwenye vidonge vyake baada ya damu kukaa sawa, akarudisha chumvi na magadi jikoni, na kila siku alingoja kusikia kwamba Peniel bado anasoma. Jenipher hakumlaumu kwa neno, jambo lililomsumbua kuliko kulaumiwa.

Kisha Melkizedeki akapiga simu: wanakuja, kuzungumza mahari.

Walikaa sebuleni. Peniel, ambaye ndiye aliyekuwa anaoa, aliachwa uani na kaka zake. Kwenye simu ile Asnath alikuwa amemtajia mshenga ng'ombe wanane, na alikuwa tayari kwa lolote isipokuwa lile alilolisikia.

"Tumekaa kama ukoo," Theodora alisema. "Binti tunampenda. Ila kutokana na hali iliyojitokeza, tunaomba wawe sita."

Wiki zote zile Asnath alikuwa ameogopa kwamba watu hawa watamkimbia mtoto wake kwa hofu ya ukoo. Hawakukimbia. Walikuwa wamemgeuza kuku mwenye jicho moja na kuomba punguzo. Moyo wake ulitulia, na papo hapo akakasirika kama mtu anayechezewa sokoni kwake mwenyewe.

"Punguzo la nini, shangazi? Dokta alisema tisa kwa kumi."

"Alisema na wa kumi."

"Sawa. Sasa tuzungumze huyo wa kumi. Dokta alisema anaharibiwa na nini?"

"Kukosa usingizi," Melkizedeki alisema, kisha akaona macho ya Theodora na kukohoa.

"Nawauliza basi. Kule Kinampanda mke mpya anaamka saa ngapi?"

Theodora alijinyoosha. "Saa kumi. Anachota maji, anawasha moto, anafagia uwanja kabla wakubwa hawajaamka. Hata mimi nilifanya hivyo miaka kumi."

"Basi ugonjwa mkiupata mtakuwa mmeuatamia wenyewe, na mimi sitarudishiwa binti aliyeharibikia mkononi mwa mnunuzi. Nitashusha ng'ombe mmoja. Saba. Lakini huyo mmoja ananunua usingizi. Jenipher haamki kabla ya jua. Akijifungua, miezi mitatu usiku mtoto anabebwa na mwingine akishanyonya. Na mkimwona siku tatu halali, hospitali kwanza, maombi baadaye."

"Miezi mitatu! Mwezi mmoja."

"Mitatu. Hapa hatupatani bei, damu ndiyo inayoamua."

"Maji atachota nani?"

"Peniel ana mikono."

Melkizedeki akashika fimbo yake kwa mikono miwili kama mtu anayevuka daraja bovu. Mlangoni Jenipher alikuwa amesimama na sinia la chai, hasogei. Theodora alitazama dari, akatazama sakafu, akafanya hesabu zake, na hesabu zake hazikuwa za kitoto. Ng'ombe mmoja ni ng'ombe.

"Haya," alisema hatimaye. "Saba, na alale."

Walipeana mikono. Chai ikamiminwa, na mkono wa Asnath haukumwaga hata tone. Wageni walipokuwa wanajiandaa kuondoka, Theodora alimvuta pembeni, karibu na banda la kuku, wengine wasisikie.

"Mwenzangu, lile la usingizi libaki kwetu tuliokuwa sebuleni. Nina wake wa kaka zake Peniel pale nyumbani, wawili, wote wanaamka saa kumi. Wakisikia, wiki haiishi watakuwa na ugonjwa wa ukoo."

"Unaniomba ninyamaze?"

"Nakuomba."

"Kunyamaza ni kazi ngumu, shangazi. Mara ya mwisho nilinyamaza wiki sita, nikaishia kwenye dripu."

"Unataka nini?"

"Ng'ombe wangu wa nane."

Theodora alimtazama kwa jicho la miaka ishirini na saba bwenini, lile lililowahi kuwatoa wasichana chini ya vitanda. Asnath hakupepesa. Uani, Peniel alikuwa ameanza kucheka na Jenipher, bila kujua kwamba bei ya posa yake inapanda.

"Wanane," Theodora alisema. "Lakini safari ijayo kuku uweke chumvi."